Nane kwa Mia

Isyonje, jioni, ukiwasha taa kabla giza halijakomaa
dirisha hukupa vitu viwili pamoja:
bustani ya nje, kabichi na uzio wa matete,
na uso wako, umefifia,
umekaa juu ya kabichi kama pumzi.

Ni kioo cha bei rahisi.
Katika kila chembe mia za nuru zitokazo usoni mwangu
tisini na mbili hupita, zikaenda zao ukunguni,
nane hurudi.
Hakuna chembe inayokatika vipande.
Hakuna ajuaye ni ipi itarudi.

Niliwafundisha kidato cha sita
kwamba wapo wanaosema: haichagui.
Hupita, na hurudi.
Ikigusa kioo tu ulimwengu huwa njia panda,
huku mwalimu aliyeiona, kule asiyeiona,
wote wameshika chaki, wote wanaitwa Atuganile.

Tumwitike wa dawati la nyuma, mtoto wa dalali wa viazi,
hakunyosha hata mkono:
"Basi malimwengu ni mawili. Nusu kwa nusu.
Hiyo nane umeitoa wapi?"

Kengele iliniokoa.

Nikashuka na swali lake barabarani, malori yanapopakia.
Kijana alikuwa anashona lumbesa:
gunia limejaa, kisha likavishwa kilemba cha neti,
viazi juu ya viazi, hadi gunia likaota shingo na kichwa.
"Gunia moja," akasema mnunuzi.
Na lile la pembeni, limelegea, limekonda:
"Gunia moja."
Kwa kuhesabu, sawa. Kauulize mgongo wa mpakizi.

Jumatatu nikamjibu: usihesabu, pima.
Malimwengu hayalingani uzito.
Akafikiri, kalamu mdomoni.
"Lumbesa tunaipima kwa kilo, mwalimu.
Ulimwengu tunaupima kwa nini?
Na nani kasimama nje yake, ameshika mizani?"

Amekwisha maliza chuo. Bado sijamjibu.

Mwaka huu, Mei, nilipanda bondeni, kando ya kijito.
Bwana shamba Msigwa alifungua daftari lake:
jalidi hushuka hapo mwaka mmoja katika kumi.
Nikakopa mbegu. Nilijua, kwa imani ile ya ubaoni,
kwamba yote yatatukia,
kwamba yuko wa jina langu atakayeamka
akute majani yameungua kama kwa pasi,
na kwamba ninamtia deni bila kumwuliza.
Nikapanda kwa ajili ya wale wengine.
Si kwamba ni wengi. Ni wazito.
Tofauti hiyo chama cha mikopo hakina fomu yake.

Julai, saa kumi na moja alfajiri,
nyasi zilivunjika chini ya viatu kama vigae.
Kaka yangu Anangisye alisimama tutani, mikono kwapani.
"Walisema tisa kwa kumi."
Hawakukosea, nikamwambia,
na nikaona neno langu halina pa kukaa usoni mwake.

Maana hizo tisa ziko wapi,
ukiwa umesimama ndani ya moja?
Jani halijui kwamba lilikuwa uwezekano mdogo.
Limekuwa jeusi lote.
Deni nalo linadaiwa lote.

Kule, ng'ambo ya kitu kisicho na ng'ambo,
Atuganile anafukua viazi vikubwa kama ngumi,
analalamikia lumbesa,
hana hata dakika ya kunifikiria.
Simwonei wivu.
Namwonea, kidogo.
Lakini mkopo ule, kwa daftari lile, ningeuchukua tena.

Taa inawaka. Bustani ipo, na juu yake uso:
nane kwa mia.
Nikasogea hadi pua ikagusa baridi.
Macho yote mawili yapo.
Kovu la kidevuni, la utotoni, lipo lote,
halikubaki nane kwa mia ya kovu.

Nimekipangusa kioo.
Kesho saa tatu, chama cha mikopo.